Herman Hollerith: Mhandisi aliyeunganisha karakana na daftari

USIKU wa tarehe 24 Agosti 2019, makarani wa sensa walianza kupita katika maboma ya Kasikeu, Kaunti ya Makueni, kama walivyopita kote nchini Kenya. Hawakubeba mafurushi ya fomu kama wenzao wa sensa zilizotangulia. Walibeba vishikwambi.

Kila jibu, kuanzia umri wa mwenye boma hadi mahali familia inapoteka maji, liliingia katika mtambo papo hapo. Kufikia mapema Novemba mwaka huo, serikali ilikuwa imetangaza kwamba Kenya ina watu 47,564,296, na kwamba 987,653 kati yao wanaishi Makueni.

Tarakimu hizo si pambo. Tangu Katiba ya 2010 ilete serikali za kaunti, idadi ya watu imekuwa miongoni mwa vigezo vya kugawa fedha za umma na kuchora mipaka ya maeneo ya uwakilishi. Asiyehesabiwa hupunguziwa fungu lake la barabara, zahanati na maji. Katika sehemu zenye ukame kama nyingi za Ukambani, kosa la tarakimu huweza kugeuka kuwa shida ya miaka kumi.

Wengi waliojibu maswali usiku huo hawakujua kwamba aliyefanikiwa kwanza kugeuza majibu ya wananchi kuwa alama zinazosomwa na mashine alikuwa mhandisi wa Marekani aliyefariki karibu miaka 90 kabla ya hapo. Jina lake lilikuwa Herman Hollerith.

Watu wa Kasikeu wana sababu nyingine ya kumfahamu, nayo ni reli. Jirani yao ipo stesheni kongwe ya Sultan Hamud, iliyopewa jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901.

Mwaka huo huo wa 1896, ng'ambo ya bahari, Hollerith alikuwa akiithibitishia kampuni kubwa ya reli ya New York kwamba hesabu za mizigo yake zaweza kufanywa kwa umeme. Maisha yake yote yalipita katikati ya dunia mbili: karakana, ambako mashine hufanya kazi, na afisi, ambako karani huandika mapato na matumizi. Kabla yake, dunia hizo zilikutana kwa kalamu tu.

Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, alifariki Herman akiwa bado mtoto mdogo. Mama hakutaka kuwategemea jamaa. Alishona na kuuza kofia, akawalea wanawe kwa jasho lake.

Shuleni kijana huyo alikuwa na akili nyepesi katika mambo mengi, ila somo la kuendeleza maneno lilimshinda na kumchukiza. Inasimuliwa kwamba siku moja aliruka dirishani ili kulikwepa. Mama yake alimtoa shuleni, akamtafutia mhubiri wa Kilutheri wa kumfunza nyumbani.

Asiyeweza kupanga herufi alikuja kuwa bingwa wa kupanga tarakimu. Alijiunga na Chuo cha Jiji la New York mwaka wa 1875, kisha Chuo cha Madini cha Columbia, na mwaka wa 1879, akiwa na umri wa miaka 19, akahitimu kuwa mhandisi wa madini.

Mmoja wa walimu wake, Profesa William Trowbridge, alikuwa amepewa kazi katika sensa ya Marekani ya 1880, akamchukua mwanafunzi wake hadi Washington. Huko Hollerith hakupewa kazi ya kuhesabu watu. Alipewa kuchunguza nguvu za mvuke na za maji zilizotumika katika viwanda vya chuma.

Kwa hivyo safari yake ilianzia kiwandani. Aliangalia magurudumu, matangi ya mvuke na mikanda ya kuzungusha mitambo, kisha akageuza yote hayo kuwa majedwali. Mapema kabisa alijifunza kwamba kila mtambo una hadithi mbili: ile ya kazi inayofanyika, na ile ya hesabu inayoandikwa kuihusu.

Wakati huo afisi ya sensa ilikuwa ikizama katika karatasi. Marekani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 50, na kila mmoja alikuwa ameulizwa maswali mengi. Makarani walipiga vistari kwa mkono kwenye karatasi kubwa, wakavijumlisha, kisha wakarudia upya kila walipotakiwa kutazama jambo kwa upande mwingine.

Kujua idadi ya wanaume ilikuwa kazi rahisi. Kujua ni wanaume wangapi waliozaliwa ng'ambo, wenye umri fulani, wanaofanya kazi fulani, ilikuwa kuanza upya toka mwanzo. Kazi ya sensa hiyo ilichukua miaka saba na zaidi kukamilika. Ilhali sheria ilitaka watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10, na taifa lilikuwa likipokea wahamiaji kila siku. Ilihofiwa kwamba sensa moja ingekuja kuifikia nyingine kabla ya hesabu kutoka.

Aliyempa Hollerith wazo alikuwa Daktari John Shaw Billings, msimamizi wa takwimu za vizazi na vifo. Katika mazungumzo yao Billings alidokeza kwamba pangefaa kuwe na mashine ya kufanya kazi ile ya kuchosha. Daktari hakuwa na haja ya kuiunda. Kijana alilichukua wazo hilo na hakulitua tena.

Mwaka wa 1882 alikwenda kufundisha uhandisi wa mitambo katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Darasa halikumkalia vyema, na baada ya mwaka mmoja aliondoka. Alirudi Washington kufanya kazi katika afisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Humo alijifunza jinsi mvumbuzi anavyolinda mali yake kisheria, elimu iliyomfaa maisha yake yote.

Septemba 1884 aliwasilisha ombi lake la kwanza la hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki alichokibuni. Mashine aliyoieleza ilitumia utepe mrefu wa karatasi uliotobolewa matundu. Kasoro yake ilidhihirika upesi. Taarifa ya mtu mmoja ikiwa katikati ya utepe, haiwezi kutolewa na kuwekwa kando bila kuukata utepe wote.

Jawabu alilipata ndani ya garimoshi. Akisafiri kuelekea magharibi mwa Marekani, alimwona mkaguzi wa tiketi akitoboa matundu kando ya tiketi ya kila abiria. Matundu hayo yalieleza umbo la mwenye tiketi, kama rangi ya nywele na ya macho, ili mtu mwingine asiitumie. Tiketi moja, mtu mmoja, matundu kadhaa yenye maana.

Inaelezwa pia kwamba shemeji yake, aliyekuwa katika biashara ya hariri, alimfahamisha kuhusu vitanda vya mfumi vya Mfaransa Joseph-Marie Jacquard. Tangu mapema karne ya 19, vitanda hivyo viliongozwa na kadi zenye matundu. Palipo na tundu uzi huinuka, pasipo na tundu uzi hubaki chini, na ua hujitokeza kwenye kitambaa bila mfumaji kulikumbuka kichwani.

Wanawake wa Ukambani wanaosuka vyondo huelewa jambo hilo bila kufunzwa. Ruwaza ya kiondo ni hesabu: nyuzi ngapi za rangi hii, ngapi za ile, kisha kurudia. Jacquard aliitoa hesabu hiyo katika kichwa cha msusi na kuitia katika kadi. Hollerith aliona kwamba kadi inayoweza kuuongoza mtambo wa kiwanda inaweza pia kubeba habari za mwanadamu, au za mzigo, au za fedha.

Hata hivyo mkate wa kila siku aliutafuta kwingine. Mwaka wa 1885 alikuwa St. Louis akiunda breki za umeme kwa ajili ya magarimoshi. Alitaka mabehewa yote yashike breki kwa wakati mmoja, kwa amri moja inayopita katika waya. Breki hizo alizipatia hataza mwaka wa 1886, lakini kampuni za reli zilichagua breki za hewa za George Westinghouse.

Alishindwa katika biashara hiyo, ila hakuondoka mikono mitupu. Alikuwa amefunzwa na reli jinsi ya kufanya umeme uwe mjumbe kati ya uamuzi na kitendo. Alipoirudia mashine yake ya takwimu, elimu hiyo ilikuwa mkononi.

Jaribio la kwanza la kadi lilihusu takwimu za vifo katika jiji la Baltimore. Hollerith mwenyewe alitoboa maelfu ya kadi kwa koleo la mkono kama lile la mkaguzi wa tiketi, hadi mkono ukamuuma. Badala ya kulalamika alibuni kifaa kipya. Karani aliweka ncha ya mkono wa chuma juu ya bamba lenye majibu, na tundu likatokea mahali panapostahili kwenye kadi.

Sehemu ya pili ya mtambo ilifanana na meza yenye saa nyingi ukutani. Kadi iliwekwa chini ya pini zilizofungwa kwenye springi. Pini zilipokutana na karatasi zilizuiwa. Zilipokutana na tundu zilipita hadi kwenye vikombe vidogo vya zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa husika ukasogea hatua moja. Saa hizo zilikuwa 40.

Kando yake palikuwa na sanduku lenye vyumba vyenye vifuniko. Kadi iliposomwa, kifuniko cha chumba kinachoifaa kilifunguka chenyewe, karani akaitumbukiza humo. Hivyo kwa tendo moja kadi ilihesabiwa na kupangwa, tayari kwa swali litakalofuata.

Tarehe 8 Januari 1889 alipewa hataza tatu za mtambo huo. Mwaka huo huo serikali iliitisha mashindano ya kutafuta njia bora ya kufanya sensa ya 1890. Washindani walikuwa watatu, wote wakipewa takwimu za wakazi 10,491 wa St. Louis zilizokusanywa mwaka wa 1880.

Katika kazi ya kunakili taarifa, Hollerith alitumia saa 72 na nusu, ilhali wenzake walitumia saa 100 na nusu na saa 144 na nusu. Katika kujumlisha, tofauti ilikuwa kama mbingu na ardhi. Wapinzani walitumia saa 44 na nusu na saa 55 na nusu. Hollerith alimaliza kwa saa tano na nusu.

Sensa ya 1890 ikawa yake. Makarani, wengi wao wanawake, walitoboa kadi moja kwa kila mkazi wa Marekani. Hesabu ya awali ilipotangazwa mwaka huo huo, ilionyesha watu zaidi ya milioni 62. Baadhi ya Wamarekani walikasirika, kwa kuwa walitarajia taifa lao liwe kubwa zaidi ya hapo, wakailaumu mashine. Hesabu ilisimama.

Mwaka huo ulimjalia mengi. Chuo cha Columbia kilimtunukia shahada ya uzamifu kwa maelezo ya mtambo wake, na Taasisi ya Franklin ya Philadelphia ikampa nishani ya Elliott Cresson. Septemba alimwoa Lucia Talcott, wakajaliwa watoto sita. Austria, Kanada, Norway na hatimaye Urusi, katika sensa yake ya 1897, zilitumia mashine zake.

Lakini sensa huja mara moja kwa miaka 10. Mashine zilizofanya kazi usiku na mchana sasa zilikaa bila kazi, nazo mapato yakakauka. Mtu aliyezihesabia serikali mamilioni ya watu alianza kuhesabu senti zake mwenyewe. Ndipo alipogeukia wale waliokuwa na sensa kila siku: wenye reli.

Kampuni ya New York Central ilipitisha mamilioni ya hati za mizigo kwa mwaka. Kila hati ilieleza mzigo umetoka wapi, unakwenda wapi, una uzani gani, umelipiwa kiasi gani, na umepita katika njia za kampuni zipi. Kila kampuni ilidai sehemu yake ya malipo kulingana na maili zilizosafiriwa katika reli yake.

Msimamizi wa stesheni kama ya Sultan Hamud aliijua vyema kazi ya aina hiyo. Mzigo ukishushwa, jasho la wachukuzi limekwisha, lakini bado karatasi yake haijaanza safari. Ikipotea au kucheleweshwa, kampuni haijui kama siku hiyo imepata faida au hasara. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mashine ya sensa haikufaa moja kwa moja. Katika sensa kila tundu ni mtu mmoja, basi inatosha kuongeza moja. Katika reli tundu linaweza kumaanisha ratili mia saba au dola tisa, hivyo mashine haina budi kujumlisha viwango. Mtambo wa kwanza aliowapelekea haukuwaridhisha, ukarudishwa.

Pigo hilo lilikaribia kumfilisi. Hollerith alirejea karakanani, akaunda mtambo mpya wenye uwezo wa kujumlisha tarakimu kubwa, akaurudisha kwa kampuni ile ile. Mwaka wa 1896 New York Central ilikubali. Tarehe 3 Desemba mwaka huo alisajili kampuni yake, Tabulating Machine Company.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa jambo kubwa. Sensa ilimpa sifa, lakini reli ilimfunza kwamba kadi haipaswi kuandikwa baada ya mambo kupita. Inapaswa kutembea pamoja na kazi yenyewe: mzigo unapopakiwa, kadi inatobolewa, na mkuu wa kampuni anajua hali ya biashara yake wakati bado anaweza kuirekebisha.

Baada ya reli zilifuata kampuni za bima, maduka makubwa na viwanda. Mwenye kiwanda alitaka kujua kila kifaa kinachotoka karakanani kimegharimu kiasi gani kwa malighafi na kwa saa za mafundi. Hollerith aliweza kuzungumza na fundi kwa lugha ya fundi, kisha akapanda ghorofani kuzungumza na mhasibu kwa lugha ya mhasibu. Wachache wa zama zake waliweza yote mawili.

Alikuwa pia na hila ya kibiashara. Hakuuza mashine, alizikodisha, na wateja walinunua kadi kwake. Kila mwezi kodi ilikuja, na kila tarakimu mpya ilihitaji kadi mpya. Mtindo huo wa kumfunga mteja kwa huduma ya kila mwezi ungali hai katika biashara ya programu za kompyuta.

Mwaka wa 1906 alitoa mtambo wenye ubao wa nyaya za kuhamishwa. Hapo awali, kubadilisha kazi ya mashine kulihitaji fundi aifungue na kuunganisha nyaya zake upya. Sasa mtumiaji aliweza kuhamisha nyaya kutoka tundu hadi tundu, na mashine iliyokuwa ikijumlisha mizigo asubuhi ikajumlisha mishahara jioni. Ubao ule ni mojawapo ya mbegu za programu: chuma kinabaki kile kile, maagizo ndiyo yanayobadilika.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika sensa ya 1900 mashine za Hollerith zilitumika tena, lakini kodi aliyotoza ilizua manung'uniko. Mwaka wa 1903 mkurugenzi mpya, Simon North, alishika usukani wa afisi ya sensa na kutaka masharti nafuu. Hollerith hakukubali. Aliamini kwamba bila yeye hakuna sensa, na mwaka wa 1905 ushirikiano huo ulivunjika.

Serikali iliamua kujiundia mashine zake. Fundi aliyetoka Urusi, James Powers, alibuni mitambo iliyotumika katika sensa ya 1910, kisha mwaka wa 1911 akaanzisha kampuni yake na kuwa mpinzani wa kweli. Hollerith alikwenda mahakamani kuizuia serikali, akashindwa. Umma ulikuwa umelipa gharama za kuukuza uvumbuzi wake, na umma haukukubali kuwa mateka wa mtu mmoja.

Swali lililoibuka hapo halijazeeka. Taarifa za wananchi zikishaingia katika mtambo, ni nani mwenye mtambo, na ni nani mwenye taarifa? Kila serikali inayonunua mfumo wa kusajili watu au kupiga kura hukutana na swali lile lile lililomkabili North.

Afya ya Hollerith ilikuwa imeanza kudhoofika. Mwaka wa 1911 mfanyabiashara Charles Flint aliinunua kampuni yake na kuiunganisha na nyingine. Bei ilikuwa dola milioni 2.3, na zaidi ya nusu yake iliingia mfukoni mwa Hollerith. Kampuni mpya iliitwa Computing-Tabulating-Recording Company.

Wenzake katika muungano huo wanastahili kutazamwa. Mmoja alitengeneza saa za kiwandani ambazo mfanyakazi hugonga kadi akiingia na akitoka. Mwingine alitengeneza mizani za dukani zinazokokotoa bei. Saa ya mfanyakazi, mizani ya bidhaa na mashine ya takwimu zikawa chini ya paa moja. Kile ambacho Hollerith alikuwa amekifanya kwa akili yake, Flint alikifanya kwa hisa.

Mwaka wa 1914 alikuja Thomas Watson, mwuzaji hodari asiyechoka. Mwaka wa 1924 kampuni ilibadilishwa jina na kuwa International Business Machines, inayojulikana duniani kote kama IBM. Hollerith alibaki kuwa mshauri, lakini hakupenda kuelekezwa. Mwaka wa 1921 alikuwa amekwisha kustaafu.

Siku zake za mwisho alizitumia shambani, akifuga ng'ombe wa maziwa aina ya Guernsey na kuwapelekea marafiki siagi na mayai. Tarehe 17 Novemba 1929, akiwa na umri wa miaka 69, alifariki mjini Washington kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa katika makaburi ya Oak Hill, mtaa wa Georgetown, si mbali na ilipokuwa karakana yake.

Jina lake liliendelea kufanya kazi bila yeye, na si kwa wema pekee. Nchini Ujerumani kampuni ya Dehomag, iliyobeba jina la Hollerith na kumilikiwa kwa sehemu kubwa na IBM, ilisaidia sensa za 1933 na 1939 chini ya utawala wa Hitler. Sensa ya 1939 iliuliza asili ya kila mtu ili kuwatambua Wayahudi, na mashine za aina hiyo zilitumika pia katika kambi za mateso.

Tundu katika kadi halijui kama linamtafutia mtoto chanjo au linamtafutia jirani kifo. Hollerith alikufa kabla ya kuyaona hayo, na hakuna msingi wa kumtwika dhambi hiyo. Lakini maisha yake hayawezi kusimuliwa kwa ukamilifu bila kusema kwamba uwezo wa kuhesabu watu haraka ni uwezo unaohitaji sheria na dhamiri.

Katika himaya ya Uingereza, haki ya kutumia mashine zake ilikuwa mikononi mwa British Tabulating Machine Company. Kadi zilizotobolewa ziliendelea kutumika katika afisi nyingi duniani hadi miaka ya 1970 na baadaye, zikalisha kompyuta za kwanza kama nyasi zinavyolisha ng'ombe. Kisha zikatoweka, na kazi yake ikabaki.

Kazi hiyo sasa hufanywa na wahandisi wa programu ambao huunganisha mitambo ya viwanda na mifumo ya biashara. Katika kiwanda cha kusindika matunda, mfano wa kile cha maembe kilichoko Kalamba, Makueni, jambo hilo si nadharia. Embe la mkulima hupimwa, hukamuliwa na kuwa rojo, kisha huuzwa. Uzani ulioonekana kwenye mizani usipofika katika daftari la malipo ukiwa vile vile, mkulima amekula hasara hata kama mitambo yote inazunguka.

Mhandisi anayejua mitambo pekee atajenga kiwanda kisichojua faida yake. Anayejua daftari pekee ataandika tarakimu asizozielewa zilikotoka. Hollerith alipata nafasi yake katika historia kwa sababu alikubali kuchafua mikono kwenye breki za reli na pia kukesha na hati za mizigo.

Mwaka wa 2017 reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria, ikipita Makueni kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Tiketi zake hazitobolewi tena ili kueleza nywele na macho ya abiria. Lakini kila tiketi inayouzwa ni alama katika mtambo, na alama hiyo ni fedha katika daftari la mtu fulani.

Makarani wa sensa watarudi Kasikeu, kwa kuwa Kenya imezoea kuhesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Vifaa vyao huenda vikawa vingine kabisa. Maswali yatabaki ya kale: umri, watoto, kazi, maji. Mwenye boma atakayefungua mlango usiku huo atakuwa na haki ya kuhesabiwa kwa usahihi, na haki ya kujua hesabu yake inakwenda kufanya kazi gani.